Maji ya Mwalimu Mkuu Yapigiwa Kura

Kwenye kona ile, mbele ya duka lililofungwa siku nyingi na ambalo mlango wake wa chuma umebakiwa na kazi moja tu ya kuegemewa, kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu ya asili na mmoja wa matofali. Hapo ndipo mambo ya dunia hukatwa na kushonwa upya kila siku, kuanzia saa tatu asubuhi Mama Kahawa anapowasha jiko lake la mkaa hadi birika lake kubwa linapokauka. Birika ni moja kwa siku. Likiisha limeisha, na mbishi aliyekuwa katikati ya neno hana budi kulimeza. Wanakijiwe wa kudumu ni wawili: Wembe, kinyozi ambaye kibanda chake kiko hatua kumi kutoka hapo na ambaye hunyoa kichwa kimoja kisha akapumzika kama aliyelima ekari, na Katiba, karani mstaafu wa mahakama, ambaye akiba yake ya methali ni kubwa kuliko nafasi za kuzitumia, kwa hiyo huzitumia popote. Wa tatu alifika Jumamosi moja saa tano, kakumbatia chupa ya kioo yenye maji kama aliyebeba mtoto mchanga. Huyo ni mzee anayetunza bwawa la kuogelea la nyumba moja ya mtaa wa nyuma, na pale kijiweni wanamwita Daktari.

— Karibu, Daktari. Leo umekuja na mgonjwa? aliuliza Mama Kahawa.

— Nimekuja na damu yake tu. Mgonjwa mwenyewe haenei kwenye chupa.

Alijibu kwa mzaha, lakini mzaha huo ulikuwa wa mdomoni tu. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima bado unamwita Mwalimu Mkuu na kumpisha njia kama wanafunzi waliochelewa, alikuwa ametoa neno lake Jumamosi iliyopita. Wajukuu zake wanne walikuwa wametoka bwawani wakifikicha macho na kulia. Akasema, macho ya watoto yakiwasha tena Jumamosi ijayo, nalifukia hili shimo napanda mboga. Na Mwalimu Mkuu hasemi jambo mara mbili. Miaka kumi na moja Daktari ameyalea maji yale, kachota majani, kasugua kuta, katoka na mvua kwenda kuyafunika. Kazi nyingine haijui na hataki kuijua. Sasa Jumamosi ijayo ndiyo hiyo ilikuwa imefika, na wajukuu walitarajiwa saa tisa.

Tena lilikuwapo jambo jingine, ambalo hajamwambia mtu, hata mkewe. Tangu mwaka jana macho yake yalikuwa yanachanganya rangi. Nyekundu, chungwa na manjano zilikuwa ndugu wa tumbo moja; azitazame vipi, hamjui mkubwa wala mdogo. Na kupima maji ni kazi ya rangi mwanzo hadi mwisho. Kwa muda alijiokoa kwa ujanja: humwita mpishi wa nyumba ile, akajifanya anamfundisha kazi. "Haya, mwanafunzi wangu, leo tunaona rangi gani?" Mpishi akijibu, yeye huitikia "Vizuri sana," kisha hutia dawa. Lakini mpishi alikwenda likizo, Daktari akapima kwa kubahatisha, watoto wakalia. Leo alikuwa amekuja kuazima macho ya kijiwe bila kukiambia kijiwe kwamba anaazima.

Alikaa upande wa matofali, akafungua kisanduku chake cha plastiki. Mlikuwa na vijichupa viwili vya kioo, dawa ya matone, na kadi yenye viboksi vitano vya rangi. Kwake vilikuwa viboksi vitano vya tope.

— Leo nataka kuwapa elimu, alisema. Nyie mnakunywa maji, mnaoga maji, lakini hamyajui.

— Elimu ya bure hiyo, alisema Wembe. Nina wasiwasi nayo.

— Sikiliza wewe. Natia maji humu. Natia matone matano. Maji yanageuka rangi, tunalinganisha na kadi. Yakiwa manjano, yamekuwa makali, yanakula macho ya watu. Natia unga wa kuyapandisha. Yakiwa mekundu, yamepanda mno, klorini inalala usingizi na uchafu unafanya sherehe. Natia asidi ya kuyashusha. Yakiwa chungwa, hapo katikati, ndiyo yenyewe, nayaacha.

— Na ukikosea? aliuliza Mama Kahawa.

— Nikikosea nimempa anayehara dawa ya kuharisha.

Alihesabu matone kwa midomo, akafunga kifuniko, akakipindua kijichupa mara mbili, akakiinua juu.

— Haya, wanafunzi wangu. Tunaona rangi gani?

Wembe alifumba jicho moja, kama anavyofanya akitafuta mstari wa nywele.

— Chungwa. Chungwa kabisa, halina maswali.

— Chungwa liko wapi hapo? alisema Katiba. Hiyo ni nyekundu. Ila ni nyekundu iliyochoka.

— Pinki, alisema Mama Kahawa, huku akipepea mkaa.

— Mama Kahawa, kwenye kadi hakuna pinki, alisema Daktari.

— Sikuulizwa kuhusu kadi, shemeji. Nimeulizwa naona nini.

Daktari alitazama kadi, akatazama kijichupa. Alikuwa amekuja kutafuta rangi moja, sasa anazo tatu, na kwenye stoo ya Mwalimu Mkuu hakuna dawa ya nyekundu iliyochoka.

— Tazameni vizuri, alisema. Msiniharakishie.

— Kwani jana yalikuwa rangi gani? aliuliza Wembe.

— Jana... jana yalikuwa vingine. Maji hubadilika. Mvua ikinyesha yanabadilika, jua likiwaka yanabadilika. Watoto wakiingia yanabadilika. Ukiyaacha peke yake nayo yanabadilika.

— Basi kuna mtu anayachokoza.

— Usione vyaelea, vimeundwa, alisema Katiba, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaitia watu kizimbani. Daktari, jibu ndiyo au hapana. Kuna kitu chochote kinachoelea humo bwawani?

— Majani mawili matatu.

— Yameundwa. Na nani kayaunda?

— Mti, bwana.

— Mti wa nani?

— Wa jirani.

Katiba aliegemea mlango wa chuma akanyoosha miguu. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha, bado kumkamata jirani tu.

— Hebu ngoja, alisema Mama Kahawa. Daktari, umesema yakipanda unayashusha. Yakishuka unayapandisha.

— Ndiyo.

— Hiyo ni presha.

— Si presha, Mama Kahawa. Ni ukali na upole wa maji.

— Mama mkwe wangu alikuwa vivyo hivyo. Mkali asubuhi, mpole jioni. Imepanda, imeshuka. Vidonge vilishindwa. Tulipoacha kumpelekea habari za wanawe, akatulia hadi leo.

— Kwa hiyo unasema maji yanapelekewa habari, alisema Wembe.

— Nasema hivi: hilo bwawa liko wapi na dirisha la jikoni liko wapi?

Daktari alifikiri. Bwawa lilikuwa chini ya dirisha la jikoni, tena karibu. Kwa muda mfupi, mtu mzima na akili zake, alijiuliza kama likizo ya mpishi haikuwa imeyanyima maji mazungumzo waliyoyazoea. Mfa maji haachi kutapatapa. Akajikanya moyoni, akasogeza kijichupa karibu na pua ya Wembe.

— Rangi, Wembe.

— Rangi nimekwisha kukuambia. Nafikiria chanzo. Daktari, unayapima siku gani?

— Jumatano na Jumamosi.

— Si unaona? Jumanne jioni yanajipanga. Wateja wangu ndio walivyo. Mtu anajua kesho anakuja kunyolewa, basi anakisugua kichwa hadi mba inakimbia, akija hapa ananiambia, kaka, mimi sijui mba ni nini. Ukitaka ukweli wa maji, yapime Alhamisi, ghafla, uingilie ukuta wa nyuma.

— Niruke ukuta wa nyumba ninayofanyia kazi?

— Na viatu uvue.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Katiba.

— Humo hamna samaki, alisema Daktari.

— Ndiyo sababu maji yameharibika. Hayana mtu wa kuyakunja.

Hata Wembe aliitafuta maana hapo, akaiacha. Katiba alipoona amepata uwanja, alisogea mbele ya benchi.

— Sasa tuseme kweli. Maji hayo ni yaleyale ya miaka kumi na moja?

— Yakipungua naongeza.

— Unaongeza, lakini wazee wa mwanzo wamo. Miaka kumi na moja wamekaa uani kwa watu, wakisikia ugomvi, posa, misiba, mirathi, nani kampenda nani na nani hakualikwa. Mimi nimekaa mahakamani miaka thelathini. Sijaona shahidi aliyesikia yote hayo akabaki na rangi yake.

— Kwa hiyo tufanyeje? aliuliza Daktari.

— Yaitwe. Yatoe ushahidi, yaachiwe.

— Yaachiwe yaende wapi?

— Kila mtu ana kwao.

Mama Kahawa alijaza vikombe. Daktari aliona jinsi birika linavyoinamishwa zaidi kuliko asubuhi, akatazama jua. Saa sita ilikuwa inakaribia. Asidi ikitiwa inahitaji muda wa kuzunguka kabla ya mtoto kutia hata kidole, na yeye bado hajui kama anatia au hatii.

— Jamani, alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha. Ni chungwa au ni nyekundu? Jambo hili ni la leo.

— Rangi haijakolea, alisema Wembe. Hapo ndipo tunapogombana bure.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Katiba.

Kabla Daktari hajanyoosha mkono, Wembe alikuwa ameshika chupa ya dawa na kuongeza matone, matatu, manne, akapoteza hesabu, akaziba mdomo wa kijichupa kwa kidole gumba na kukitikisa kama anachanganya povu la kunyolea.

— Kidole, Wembe! Jasho lako nalo linapimwa humo.

— Basi tutajua na afya yangu.

Kidole kilikuwa kimetoka kupaka spiriti kwenye kisogo cha mteja. Kijichupa kiliporudi hewani, watatu wote walikitazama kwa heshima.

— Sasa je? aliuliza Daktari.

— Zambarau, alisema Katiba.

— Mimi naiona kama bluu inayojuta, alisema Wembe.

— Pinki, alisema Mama Kahawa. Imezidi kuwa pinki.

Daktari alimwaga, akasuuza kijichupa kwa maji ya chupa yake mara tatu kama inavyotakiwa, akaanza upya. Tone la kwanza, la pili, hadi la tano. Akapindua. Akainua. Tope.

— Hakuna mtu kugusa, alisema. Kila mmoja aseme rangi moja, iliyomo kwenye kadi.

— Chungwa, alisema Wembe.

— Nyekundu.

— Iliyochoka?

— Imepumzika kidogo.

— Pinki, alisema Mama Kahawa.

Katiba aliinua mkono kuomba utulivu, ingawa kelele alikuwa ameifanya yeye.

— Penye wazee haliharibiki neno. Hapa hakuna muafaka, kwa hiyo kuna uchaguzi. Tupige kura.

— Huwezi kupigia kura maji, Katiba, alisema Daktari. Maji ni yalivyo.

— Hata watu ni walivyo, na tunawapigia.

Ikawa hivyo. Wagombea walikuwa watatu: Chungwa, Nyekundu na Pinki. Majina yaliandikwa kwa mkaa kwenye benchi; kikombe kitupu kikifunikwa mbele ya jina, hiyo ni kura. Wembe alimfanyia Chungwa kampeni: ni rangi ya katikati, haina ugomvi na mtu, ikishinda Daktari haendi kubeba asidi wala unga, anarudi kulala. Katiba alimtetea Nyekundu kwa hoja kwamba amekwisha kutamka nyekundu mara mbili, na karani habadili kilichoandikwa. Mama Kahawa hakufanya kampeni. Aliendelea kupepea.

Vikombe vilifunikwa. Kimoja, kimoja na kimoja.

— Sare, alisema Katiba, akimeremeta uso. Basi kura ya kuamua ni ya Daktari. Daktari, wewe rangi yako ni ipi?

Wote wakamgeukia. Miaka yote hiyo ya kuja pale, hakuna aliyewahi kumuuliza swali rahisi namna ile. Alikitazama kijichupa kwa bidii yote aliyojaliwa. Akakisogeza karibu, akakiweka mbali. Angeweza kusema chungwa. Nafasi moja kati ya mbili. Ndivyo alivyosema na wiki iliyopita.

— Mimi ni mpimaji, alisema mwishowe. Mpimaji hapigi kura. Akipiga, kipimo kitakuwa na upendeleo.

Wembe alifungua kinywa kupinga, lakini Katiba alikuwa amekwisha kupiga goti lake kwa furaha.

— Sahihi. Hakimu hatoi ushahidi kwenye kesi yake mwenyewe. Daktari, ungekuwa mwanasheria ungefika mbali. Basi turudie, na safari hii Pinki aondolewe kwa kukosa boksi kwenye kadi.

— Mwondoe, alisema Mama Kahawa. Halafu ukitaka kujaziwa kikombe, kamwombe Nyekundu akujazie.

Katiba alikifunua kikombe chake, akachungulia ndani, akaona masalia ya unga wa kahawa yanayomtazama.

— Nimeshawishika na hoja ya mheshimiwa mama, alisema, akahamishia kikombe chake kwa Pinki.

— Hiyo ni hongo mchana kweupe, alisema Wembe.

— Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, alijibu Katiba, na hakuna aliyejua nani mgeni na jembe la nani.

Pinki akashinda, kura mbili kwa moja. Daktari alihisi nafuu, kisha nafuu ikamtoka. Pinki ni nini? Ni nyekundu iliyotiwa maji, kwa hiyo atie asidi kidogo? Au ni kitu kisichokuwa na boksi, kwa hiyo asitie chochote?

— Sheria imekaa kimya juu ya pinki, alisema Katiba. Na kilichokaa kimya kimekubali.

— Kimekubali nini?

— Hapo ndipo panapohitaji rufani.

— Tia nusu ya asidi na nusu ya unga, alisema Wembe. Waache wapigane humo ndani, atakayeshinda atakuwa amekuonyesha yeye ndiye aliyekuwa anahitajika.

— Hivyo viwili havikai chombo kimoja, Wembe. Vitachemka na kufoka vinirukie usoni.

— Basi uanze kwa kuyaambia ukweli, alisema Mama Kahawa. Mama mkwe wangu tulimwambia ukweli mmoja tu, akalala siku mbili.

Alishika birika kujaza kikombe cha Katiba kama alivyoahidi. Likatoa tone, likatoa jingine, likakohoa mvuke. Akalipindua hewani, wote wakaona kwa macho yao.

— Kahawa imekwisha.

Kwa sheria ya kijiwe, hapo mjadala ulikuwa umefungwa, na Daktari alibaki na kijichupa mkononi na ushindi wa Pinki usiomfaa kitu. Wakati huo lori lilikata kona, likapunguza mwendo, likasimama mbele ya benchi injini ikinguruma. Dereva aliruka chini, akajifuta mikono kwenye suruali. Hawakuwa wamewahi kumwona.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, wakaitikia Katiba na Daktari.

— Umechelewa, kijana wangu, kahawa imekwisha, alisema Mama Kahawa.

— Sikuja kunywa, mama. Natafuta nyumba. Nimezunguka mtaa wa nyuma mara tatu, mageti yote meusi, namba zimefutika. Simu yangu nayo imezima.

— Umebeba nini? aliuliza Wembe, ambaye hawezi kuliona lori bila kuuliza.

— Udongo. Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, anafukia bwawa lake la kuogelea. Leo namwaga getini, maji yatatolewa Jumatatu.

Katiba alimtazama dereva, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe.

— Sisi tulisikia wajukuu zake wanakuja leo kuogelea, alisema.

— Kawaambia wasije. Udongo kaniagiza tangu Jumatano, udongo mzuri wa mboga, si kifusi. Ana mzee wake anamtunzia hilo bwawa, inasemekana ni mtu wa maana sana, lakini macho yamekwisha. Haoni rangi. Huyo mama anasema alimjaribu, alijaza soda nyekundu kwenye kile kichupa cha kupimia, akampa asome. Mzee kakipindua, kakiinua juu, kasema maji yako sawa, Mwalimu.

Kwa kawaida hadithi kama hiyo ingekilaza kijiwe chini kwa kicheko, na Wembe angeisimulia kwa mwaka mzima. Hakuna aliyecheka.

— Si angetafuta mtu mwingine wa kupima? aliuliza Wembe, polepole.

— Ndivyo nilivyomwambia na mimi. Alinijibu kwenye simu nikajiona nimerudi darasa la tatu. Kasema, "Nikimleta mwingine, huyu mzee ataaga kazi siku hiyohiyo, ana heshima zake, na mimi siwezi kumwona akiaga. Bwawa lisipokuwepo hakuna rangi ya kusoma. Mboga ni kumwagilia tu, atakaa." Leo asubuhi kanipigia niwahi, maana mzee katoka na chupa yake ya maji, naye hataki arudi amsomee tena. Anasema kumsikiliza akisoma kunamuumiza.

Dereva aliwatazama, mmoja mmoja.

— Sasa, wazee wangu, nyumba ni ipi?

Lilikuwa swali dogo. Nyumba ilikuwa geti la tatu baada ya kona, na kila mtu pale alilijua kama anavyojua mlango wa kwake. Wembe huenda kumnyoa mlinzi wake, Mama Kahawa amewahi kupeleka kahawa kwenye msiba wa mume wa mwenye nyumba. Wembe alikwangua ukucha. Mama Kahawa alianza kufuta vikombe vilivyokuwa vimekwisha kufutwa. Katiba, mtu wa methali mia tano, alianza kuhesabu matofali ya mguu wa benchi. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Daktari, na hapo ndipo alipojua kwamba wote wameelewa.

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alitamani benchi limfunike. Soda nyekundu. Alikumbuka siku ile, alikumbuka hata jinsi alivyojikaza sauti ili aonekane ana hakika. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichomuuma zaidi. Wajukuu wanne huja kila Jumamosi kwa ajili ya bwawa. Hakuna mtoto atakayevuka mji kuja kutazama mboga, na Mwalimu Mkuu, mjane katika nyumba kubwa, alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Daktari alidhani miaka yote hiyo ni yeye aliyekuwa akimlinda yule mama na maji mabaya. Kumbe mama ndiye aliyekuwa tayari kubaki peke yake Jumamosi zote ili yeye asiaibike. Alimpenda kwa hilo, na alimkasirikia.

Alikiweka kijichupa juu ya benchi, akainuka.

— Nyumba naijua mimi, alimwambia dereva. Lakini nipe nusu saa kabla hujamwaga. Kuna jambo nakwenda kumwambia mwenyewe.

— Jambo gani, mzee?

— Kwamba sioni rangi.

Dereva aliitazama chupa ya maji pale kwenye benchi, akawatazama wengine walioinamisha vichwa, akamrudia Daktari. Sauti yake ilishuka.

— Lakini mzee wangu, hilo si analijua?

— Analijua. Mimi sijamwambia.

Dereva alirudi kwenye lori lake akazima injini.